Kamera ya Filamu Kwenye Mvua, Baridi na Vumbi: Dalili, Chanzo na Tiba

Kamera ya zamani mara nyingi haiuawi na mvua inayoinyeshea. Huuawa na maji yaliyofungiwa ndani yake baada ya mvua kukatika: mkoba umefungwa zipu, kamera imelala humo usiku kucha na unyevu wake, na mwenyewe anaamini ameinusuru. Kinachofuata kwa ubaya ni haraka. Mtu anabonyeza ovyo aone kama bado inapiga, anaipuliza kwa hewa ya moto, anafungua skrubu asizojua zimeshika nini. Ndiyo maana hapa tutaanza kila mara na dalili inayoonekana kwa macho, kisha chanzo, ndipo mkono uguse kamera.

Jua kwanza kamera yako ni ya aina gani, kwa sababu dalili moja inaweza kuwa na vyanzo viwili tofauti kabisa. Kuna kamera zinazoendeshwa na springi na gia tupu: Nikon FM2, Pentax K1000, Olympus OM-1. Kwa hizi betri ni ya kipima mwanga tu. Ikifa, shata, yaani pazia linalofunguka na kufunga ili mwanga ufike kwenye filamu, inaendelea kupiga kwa kasi zake zote. Kuna zinazoamrishwa na umeme, kama Canon AE-1 ya mwaka 1976, ambayo bila betri yake ya volti 6 haipigi hata picha moja. Halafu kuna kamera ndogo za mfukoni zenye mota na flashi ndani, na hizo zikiingia maji zina hatari ya pekee nitakayoieleza mwishoni.

Zilizotengenezwa kukabili maji tangu mwanzo ni chache. Nikonos, iliyoanza kuuzwa mwaka 1963, huzamishwa majini kabisa, na Pentax LX ya mwaka 1980 iliwekewa mipira ya kuzuia maji kwenye vitufe na vizungushio. Lakini mpira uliokaa miaka arobaini umekauka na kupasuka. Kamera ya umri huo ihesabu kuwa haina kinga, hata kama kitabu chake kinasema vingine, mpaka fundi abadilishe mipira hiyo.

Njia za maji zinafanana karibu kwenye kamera zote. Itazame kamera iliyonyeshewa kwa karibu: tone linakaa juu ya bamba la chuma, linateleza hadi kwenye duara la kuchagulia kasi, linasita ukingoni, kisha linatoweka. Halijakauka. Limevutwa ndani na ule mwanya mwembamba kati ya duara na bamba. Ndivyo ilivyo pia chini ya mkono wa kuvutia filamu, kwenye kitufe cha kupigia, kwenye kizungushio cha kurudishia filamu, kwenye kiti cha flashi, na pale lenzi inapokutana na mwili wa kamera. Upande wa juu wa kamera ndio unaohitaji kufunikwa. Mfuko wa plastiki uliotobolewa tundu la lenzi na kubanwa kwa raba kwenye shingo ya lenzi unatosha, mradi uachwe wazi kwa chini ili kamera ipumue.

Picha zimefifia, kama zimepigwa kupitia moshi

Hii ndiyo dalili inayosumbua watu wengi, na ndiyo inayotibiwa vibaya zaidi. Swali la kwanza ni ukungu uko wapi. Ukiwa kwenye kioo cha kuchungulia tu, ni pumzi yako, picha haitadhurika. Ukiwa kwenye uso wa lenzi, utaondoka kwa kitambaa, kisha utarudi baada ya sekunde chache. Ukiwa ndani ya lenzi, kitambaa hakiugusi. Fungua tundu la lenzi hadi namba yake ndogo kabisa, yaani liwe wazi kabisa, angaza tochi kutoka nyuma na uchungulie kwa pembeni. Ukiona utando mweupe katikati ya vioo, unyevu umeingia.

Chanzo ni tofauti ya joto. Hewa yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 70 huanza kutoa umande kwenye kitu chochote chenye ubaridi wa nyuzi 24 au chini yake. Kamera iliyotoka kwenye chumba chenye kiyoyozi cha nyuzi 20 iko chini ya mpaka huo, kwa hiyo ukitoka nayo nje inalowa papo hapo bila tone la mvua kuanguka. Kwenye nchi za theluji mambo ni yaleyale kwa kugeuza: kamera imeganda nje, umeingia nayo kwenye nyumba yenye joto, na ndani ya dakika moja chuma chote kinatoka jasho, pamoja na kioo cha ndani kinachopeleka taswira kwenye jicho lako, pazia la shata na uso wa filamu.

Tiba yake hufanyika kabla ya kuvuka mlango. Iweke kamera kwenye mfuko wa plastiki wa kufunga kwa zipu ukiwa bado upande wa baridi, kamua hewa itoke, funga, kisha ingia. Umande utatua juu ya plastiki. Mfuko usifunguliwe mpaka kamera ifikie joto la chumba. Kamera nzito ya chuma inaweza kuchukua saa moja au mbili, na lenzi ndefu zaidi ya hapo. Filamu iliyotoka kwenye friji ifuate sheria hiyohiyo: ibaki ndani ya kikopo chake kilichofungwa kwa saa moja au zaidi, na iliyotoka kwenye friza ipewe muda mrefu zaidi.

Umechelewa na ukungu umeshaingia? Usivue lenzi. Ukiivua unaikaribisha hewa nyevu kwenye chumba cha ndani ambacho pengine bado kikavu. Usifute-futa pia, maana kila ukifuta maji unayasambaza pamoja na mafuta ya vidole na vumbi. Acha kamera mahali penye kivuli na hewa inayotembea, isubiri ipate joto la mazingira. Ukungu uliobaki ndani ya lenzi baada ya nusu siku utake kutolewa kwa silika jeli, zile punje za kunyonya unyevu, kwenye kopo lisilopitisha hewa, lenzi ikiwa imevuliwa vifuniko vyote viwili. Na utando usiotoka hata baada ya siku kadhaa za silika si umande tena. Huenda ni mvuke wa grisi uliotua juu ya vioo, au ni fangasi, ambao nitawarudia.

Kuna ufifiaji mwingine unaofanana na huo lakini ni matone tu juu ya kioo cha mbele. Tofauti yake huonekana kwenye picha: matone huacha mabaka laini yasiyo na ukingo, na hukaa mahali palepale fremu baada ya fremu mpaka ulipofuta. Lenzi pana iliyofungwa hadi f/16 (namba kubwa ni tundu dogo) huyaonyesha wazi. Lenzi ndefu iliyofunguliwa f/2.8 huyameza yakawa weupe hafifu unaopunguza ukali wa picha nzima. Kofia ya lenzi, ule mdomo unaochomoza mbele yake, ndiyo dawa, tena ndefu kadiri lenzi inavyoruhusu, pamoja na kichujio cha kioo mbele ili unachofuta kisiwe lenzi yenyewe. Na kitambaa kikae mfuko wa ndani wa nguo. Kitambaa kilicholowa ni sawa na kutokuwa nacho.

Kitufe kinabonyezwa na hakuna kinachotokea

Kwa kamera ya umeme, anza na betri hata kama uliibadilisha juzi. Baridi hupunguza nguvu ya betri, na zile za alkali ndizo huzidiwa mapema. Toa betri, iweke kwenye kiganja au mfuko wa shati kwa dakika kumi, irudishe. Kamera ikizinduka, umeshajua chanzo: si maji, ni baridi, na unachohitaji ni betri mbili za kupokezana, moja kazini na nyingine mwilini mwako. Betri za oksaidi ya fedha, zile zinazoandikwa SR44, huvumilia baridi kuliko LR44 za alkali na hushikilia volti yake karibu bila kushuka mpaka zinapokwisha, jambo ambalo kipima mwanga cha zamani kinalihitaji sana. Kwa Canon AE-1 na ndugu zake, tafuta 4SR44 badala ya 4LR44.

Betri ikiwa nzima, tazama kitanda chake. Unga mweupe au wa kijani kwenye vibati ni betri ya zamani iliyovuja, na unyevu umemalizia kazi. Uvujaji wa betri za alkali hukatwa kwa siki au maji ya limau kidogo kwenye kijiti cha pamba, kisha kijiti kingine chenye alkoholi ya isopropili, kisha ukavu kabisa. Kutu nyepesi hutoka kwa kusugua na kifutio cha penseli. Usimimine chochote, kioevu kinachozidi kitafuata waya hadi mahali usipoweza kupafikia.

Baadhi ya kamera za umeme zina njia ya dharura ambayo wenyewe huisahau. Nikon FE ina alama ya M90 kwenye duara la kasi, ambayo hupiga 1/90 bila betri. Nikon F3 ina kijikono cha akiba pembeni mwa lenzi kinachopiga takribani 1/60. Ukiwa porini na betri imekufa, hizo ndizo zitakazokurudisha na picha.

Kwa kamera ya springi, kitufe kisichobonyezeka humaanisha mara nyingi kwamba filamu haijavutwa hadi mwisho. Maliza kuvuta mkono, lakini usilazimishe. Ukihisi umegonga ukuta, huenda filamu imekwisha, au imejikunja ndani kwa unyevu. Nguvu ya mkono wa mtu inatosha kabisa kuvunja jino la gia, na gia za kamera hizi hazitengenezwi tena.

Kioo cha ndani kikiwa kimeganda juu, yaani unachungulia na kuona giza, kwenye kamera za umeme mara nyingi ni betri iliyokata pumzi katikati ya picha. Kwenye za springi ni grisi iliyoganda, au sponji ya zamani ya kupokea kioo imegeuka gundi na kukishika.

Kamera imelowa hasa

Nazungumzia kuanguka mtoni, wimbi kuipiga, au mkoba uliojaa maji. Hapa saa ya kwanza ndiyo inayoamua, na mambo ya kutofanya ni mengi kuliko ya kufanya.

Toa betri mara moja. Maji yenyewe hayaharibu shaba kwa kasi. Maji yenye umeme ndani yake hula njia za saketi kwa muda mfupi. Usipige shata, usivute mkono, usizungushe chochote usicholazimika kuzungusha, kwa sababu kila mzunguko unayasukuma maji ndani zaidi. Vua lenzi, igeuze kamera tundu lake likitazama chini, na uyapokee maji kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Pazia la shata usiliguse kabisa. Liwe la kitambaa au la vibati vyembamba vya chuma, kidole kimoja kinatosha kulipinda.

Ikiwa filamu imo ndani na maji yameifikia, uamuzi ni mgumu. Ninavyoona mimi, picha zilizokwishapigwa zina thamani kuliko ukavu wa kamera kwa dakika mbili: irudishe filamu polepole ndani ya kaseti yake, itoe, na usijaribu kuikausha. Filamu iliyolowa ikikauka ikiwa imeviringika, tabaka lake la jelatini hugandamana na mgongo wa mzunguko wa juu, na kuibandua ni kuichana. Iweke kaseti kwenye kikopo kilichojaa maji safi ya baridi, funga, ipeleke ikasafishwe upesi, na mwambie anayesafisha kwamba imelowa. Wenye mashine za kujiendesha wanaweza kuikataa, na wana haki, kwani filamu laini inaweza kukwama na kuharibu kazi za wengine. Tafuta anayesafisha kwa mkono, kwenye tangi.

Baada ya hapo kamera ikae kwenye kopo kubwa lisilopitisha hewa, pamoja na silika jeli nyingi, mgongo ukiwa wazi, lenzi pembeni, vifuniko vyote vimetolewa. Siku kadhaa, si saa kadhaa. Silika inayobadilika rangi ni bora kwa kuwa inakuambia yenyewe imeshiba. Ikaushe kwenye joto la oveni na uirudishe. Mchele uache jikoni. Hauvuti unyevu kama watu wanavyoamini, na unga wake huingia kwenye gia na kugeuka gundi. Mashine ya kukaushia nywele ni adui mkubwa zaidi: hewa ya moto huyeyusha grisi ikatambaa hadi kwenye shata na tundu la lenzi, hulegeza gundi ya ngozi ya nje, na kwenye lenzi za zamani huweza kuachanisha vioo vilivyounganishwa kwa gundi ya balsamu.

Maji ya chumvi ni kesi nyingine. Chumvi ikikauka ndani, huendelea kuvuta unyevu kutoka hewani na kula chuma hata kamera ikiwa kabatini. Rasharasha za bahari zilizotua juu tu hufutwa kwa kitambaa kilicholowanishwa maji safi na kukamuliwa, siku ileile, kisha kitambaa kikavu. Lakini kamera ya springi iliyozama baharini inahitaji jambo linaloonekana la kichaa: izamishwe kwenye maji safi, yabadilishwe mara kadhaa, na ipelekwe kwa fundi haraka iwezekanavyo, hata ikiwa bado ndani ya maji hayo, ili aifungue kabla hewa na chumvi hazijakutana juu ya chuma. Kamera ya umeme iliyozama baharini, kwa kweli, uwezekano wa kuiokoa ni mdogo mno. Okoa lenzi na filamu.

Mistari ya mwanga, mabaka mekundu na kingo zilizoungua

Chukua negativu, yaani filamu iliyosafishwa, siyo picha iliyochapwa, uiinue mbele ya dirisha. Kwenye negativu mwanga uliovuja ni weusi. Kwenye picha hugeuka weupe, na kwa filamu ya rangi mara nyingi huwa mwekundu au wa machungwa. Rangi hiyo inakuambia kitu: tabaka linalohisi mwekundu ndilo lililo karibu zaidi na mgongo wa filamu, hivyo mwanga uliotokea nyuma huligusa hilo kwanza.

Sasa tazama matobo ya pembeni. Doa likivuka mpaka wa fremu na kuingia kwenye matobo, mwanga umepitia mlango wa nyuma. Doa likiishia ndani ya fremu tu, ukingo wake ukiwa umenyooka kama fremu yenyewe, mwanga umepitia upande wa lenzi au tundu kwenye pazia la shata. Kamera zisizo na kioo cha ndani na zenye pazia la kitambaa hutobolewa na jua: ukiiacha bila kifuniko ikitazama jua kali, lenzi hukusanya miale na kuchoma kitundu kidogo. Kwa hizo, kifuniko cha lenzi ni kifaa cha lazima wakati wa jua kama mwavuli ulivyo wakati wa mvua.

Uvujaji wa mlango wa nyuma una uhusiano wa moja kwa moja na hali ya hewa. Sponji zilizobandikwa kwenye mifereji ya mlango hugeuka lami kwa joto na unyevu. Ukizigusa zinanata na kuacha weusi kidoleni. Palipopita mwanga pamepita maji pia. Kuzibadilisha ni kazi ya mezani ambayo mtu yeyote mtulivu anaiweza. Kwangua lami kwa kijiti cha mti kilichochongwa, malizia kwa kijiti cha pamba chenye alkoholi, na funika pazia la shata kwa karatasi muda wote ili punje zisiangukie humo. Kata sponji mpya ya unene uleule, au bandika uzi mweusi wa sufu kwenye mfereji mwembamba. Usisahau kipande cha karibu na bawaba, ndicho kinachovuja kuliko vyote.

Upande mmoja wa picha ni mweusi

Kwenye negativu sehemu hiyo ni wazi kabisa, haijapata mwanga. Ikitokea kwa kasi za juu tu, kuanzia 1/500 kwenda juu, na hasa siku za baridi, mapazia mawili ya shata hayakimbii sawa: grisi imekuwa nzito, pazia la kwanza linachelewa na la pili linalikuta njiani. Jaribu bila filamu. Fungua mgongo, elekeza kamera ukuta mweupe wenye mwanga, piga 1/1000 huku ukichungulia kutoka nyuma. Fremu nzima inapaswa kung'aa mara moja. Ukiona sehemu imebaki giza, ndiyo hiyo. Kwa siku hiyo shuka hadi 1/250 au chini yake na ufunge tundu la lenzi kufidia. Kamera nyingi zitakwenda vizuri. Tiba ya kudumu ni fundi kuosha grisi ya zamani na kuweka nyepesi. Kumwaga mafuta ya cherehani kupitia tundu lolote unaloliona ni kuiua kamera taratibu.

Usichanganye dalili hiyo na ile ya flashi. Kama ulipiga na flashi kwa kasi inayozidi mpaka wa kamera yako, sehemu nyeusi ni jambo la kawaida na kamera haina kosa.

Joto nalo lina yake. Lenzi iliyokaa ndani ya gari juani hutoa mafuta yanayotambaa hadi kwenye vibati vya tundu. Vibati vinanata, vinachelewa kufunga, na picha za f/11 na f/16 zinatoka na mwanga mwingi huku za f/2 zikiwa sawa. Tazama vibati chini ya taa. Vikiwa na mng'ao wa mafuta, umepata jibu.

Filamu imekatika, imechanika au ina radi ndogo

Baridi kali huifanya filamu kuwa ngumu na rahisi kukatika. Dalili ya kukatika ni mkono wa kuvutia kuwa mwepesi ghafla, na kizungushio cha kurudishia kutozunguka unapovuta. Zoea kukitazama kizungushio hicho kila unapovuta, kwa kuwa ndicho shahidi pekee wa nje kwamba filamu inasogea. Ikishakatika usifungue mgongo nje. Subiri chumba cha giza au mfuko mweusi wa kubadilishia filamu.

Michoro inayofanana na matawi ya radi, myeusi kwenye negativu, ni umeme tuli: hewa kavu ya baridi na filamu iliyovutwa kwa kasi. Vuta na urudishe polepole. Kwa kamera zenye mota huna la kufanya isipokuwa kuzuia mota isirudishe filamu ukiwa bado kwenye baridi, kama kamera yako inaruhusu.

Mistari iliyonyooka inayokwenda urefu wote wa filamu, ikipita hata kwenye nafasi kati ya fremu na fremu, ni chembe ya mchanga. Imekaa kwenye bamba la kukandamizia filamu au kwenye mdomo wa velveti wa kaseti. Puliza kwa pampu ya mpira, futa bamba kwa kitambaa laini, na kila mara badilisha filamu ukiwa umeupa upepo mgongo. Makopo ya hewa ya kubana yasielekezwe kwenye pazia la shata. Nguvu yake inapinda vibati, na wakati mwingine yanatema kimiminika chenye baridi kali.

Mchanga ukiingia kwenye pete ya kufokasi utausikia kabla ya kuuhisi: mkwaruzo mwembamba, kama meno yakisagana. Acha kuzungusha hapohapo.

Kamera iko sawa, lakini picha za mvua zote ni chafu na za kijivu

Hapa kosa liko kwenye kupima mwanga. Kipima mwanga cha zamani huiona mbingu nyeupe ya mawingu na kudhani dunia yote ina mwanga huo, kisha kinanyima picha mwanga. Pima kwa kuelekeza kamera chini, kwenye ardhi au ukuta wa rangi ya wastani, ndipo uinue na kupiga. Kwenye theluji ongeza stopu 1 hadi 2 (kila stopu ni mwanga mara mbili) juu ya unachoambiwa, kwa maana kipima kinataka kuugeuza weupe kuwa kijivu.

Na kipima kikifa kabisa, kanuni ya jua inakutosha: jua wazi ni f/16 kwa kasi iliyo karibu na namba ya filamu (ISO, inayoandikwa kwenye kaseti). Kwa filamu ya 400, kasi 1/500, mawingu mazito yatake f/5.6, mvua ikiwa imetia giza, f/4 kwa 1/250 au 1/125. Filamu ya negativu husamehe mwanga uliozidi kuliko uliopungua, kwa hiyo ukiwa na shaka, ongeza. Kasi pia huamua sura ya mvua yenyewe. Kwa 1/500 utapata matone, kwa 1/60 utapata nyuzi zinazoshuka, na nyuzi zitaonekana tu kama nyuma yake pana kitu cheusi.

Kamera ndogo zenye kufokasi zenyewe zikikosea kwenye mvua, futa vile vidirisha viwili vya mbele. Nyingi hupima umbali kwa mwanga usioonekana, na tone juu ya kidirisha, au kioo cha gari unachopigia ndani yake, hurudisha mwanga huo mapema.

Nyuzi nyeupe ndani ya lenzi

Wiki au miezi baada ya msimu wa mvua unaangaza tochi ndani ya lenzi na kuona nyuzi kama utando wa buibui zikianzia ukingoni. Ni fangasi. Hupenda giza, hewa isiyotembea na unyevu unaozidi takribani asilimia 60, yaani mkoba wa ngozi kabatini. Wakiwa wachache pembeni, picha haziathiriki sana, lakini hutoa asidi inayokula rangi ya kinga ya kioo, na alama hiyo haitoki hata wakiondolewa. Kuianika lenzi juani kunaweza kuwapunguza nguvu ila hakuwaondoi. Lazima fundi afungue na kufuta. Itenge lenzi hiyo na lenzi zako nyingine. Hizo nyingine zitunze kwenye kopo lenye silika, unyevu uwe kati ya asilimia 40 na 50. Chini sana ya hapo si heri pia, kwani grisi na ngozi hukauka.

Flashi iliyolowa

Ikiwa kamera yako ndogo ina flashi ndani na imeingia maji, usiifungue kabisa, hata betri ikiwa imetolewa. Kapasita ya flashi hubeba volti 300 hivi na inaweza kuzihifadhi muda mrefu baada ya kuzimwa. Mguso wa bisibisi au kidole kilicholowa unatosha kukuumiza vibaya. Toa betri, ifute kwa nje, iache kwenye silika, na kazi ya kuifungua mwachie fundi mwenye vifaa vya kuitoa chaji hiyo. Flashi ya kubandika juu nayo ivuliwe mvua inapoanza. Kiti chake kina vibati vilivyo wazi, na mwanga wake ungeyapiga matone yaliyo karibu na lenzi, ukaijaza picha madoa meupe.